Ibn Khaldun: Mjumbe Aliyepita Mikononi mwa Wafalme Kumi

Yako majina ambayo yakitajwa katika baraza lolote la wasomi wa Kiislamu hapa mwambao, tangu Lamu mpaka Vanga, hapakosi mtu wa kuyaitikia. Jina la Ibn Khaldun ni moja katika hayo. Kila aliyesoma kidogo amepata kusikia habari za Mukadima, kitabu kile alichoeleza ndani yake jinsi dola zinavyosimama na jinsi zinavyoanguka.

Lakini wengi wamjuao Ibn Khaldun mwandishi hawamjui Ibn Khaldun mjumbe. Mtu huyu hakuwa sheikh wa kukaa msikitini akiandika, huku wafalme akiwasikia kwa mbali tu. Alikuwa mtu wa serikali. Alikuwa katibu, balozi, waziri, mfungwa, mkimbizi, mwalimu na kadhi. Aliwatumikia watawala wasiopungua kumi, tangu Tunis mpaka Granada, na tangu Fez mpaka Cairo. Baadhi yao walinyongwa, wengine waliuawa vitani, wengine wakang'olewa kitini. Yeye alifariki mwaka 1406 akiwa kadhi mkuu, mwenye umri wa miaka 73, au 76 kwa hesabu ya mwaka wetu wa Kiislamu.

Basi tangu zama zake watu wamekuwa wakiuliza swali moja: je, mtu huyu alikuwa mwenye hekima, au alikuwa bendera ifuatayo upepo? Swali hili si jepesi, na wala halikufa pamoja naye. Tumtazame hatua kwa hatua, kisha msomaji ahukumu mwenyewe.

ASILI YA HADHRAMAUT

Jina lake ni Abdulrahman bin Muhammad bin Khaldun al-Hadhrami. Nisba hiyo ya mwisho itawagusa wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu, kwani mababu zao nao walitoka Hadhramaut. Tofauti ni kwamba mababu wa jamaa zetu walishika bahari kuja kusini, na mababu wa Ibn Khaldun walifuata majeshi ya Kiislamu kwenda magharibi hadi Andalus, nchi inayoitwa leo Hispania. Mwenyewe aliihesabu nasaba yake hadi kwa Wail bin Hujr, sahaba wa Mtume (S.A.W.).

Huko Andalus ukoo wake ulipata cheo na mali katika mji wa Seville, ambao Waarabu waliuita Ishbilia. Lakini Wakristo walipokuwa wakiikaribia miji ya Waislamu, Banu Khaldun walisoma alama za nyakati. Waliondoka kabla ya Seville kuanguka mwaka 1248, wakavuka bahari, na mwishowe wakatua Tunis. Yaonekana basi kwamba kuondoka kabla paa halijaanguka ilikuwa elimu ya nyumbani kwao.

Alizaliwa Tunis tarehe mosi Ramadhani mwaka 732 Hijria, sawa na 27 Mei 1332. Mwaka mmoja kabla yake, msafiri Ibn Battuta alikuwa amepita huku kwetu Mombasa na Kilwa. Wawili hawa tutawakutanisha tena baadaye.

Alihifadhi Kurani, akasoma nahau, hadithi na fiqhi ya madhehebu ya Imamu Malik. Mwaka 1347 mfalme Abul Hassan wa Banu Marin alitoka Fez akaiteka Tunis, akaja na kundi la wanazuoni wakubwa. Kijana Ibn Khaldun akapata walimu ambao kwao hangewafikia. Mmoja wao, al-Abili, alimfundisha mantiki na falsafa, akambadilisha akili kabisa.

Neema hiyo haikudumu. Mwaka uliofuata makabila ya Waarabu yalimvunja Abul Hassan karibu na Kairouan, na nyuma yake ikaja tauni kubwa iliyofagia nchi nyingi za ulimwengu. Tauni hiyo iliwachukua baba yake, mama yake, na walimu wake wengi. Kijana wa miaka 17 alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake mfalme mkubwa akiingia mjini kwa ngoma na kutoka kwa aibu, na mji mzima ukigeuka makaburi.

KALAMU YA KWANZA

Kazi yake ya kwanza aliipata Tunis akiwa na miaka kama 20. Aliyetawala kwa jina alikuwa sultani mdogo Abu Ishaq, na aliyetawala kwa kweli alikuwa waziri Ibn Tafragin. Waziri huyo alimpa Ibn Khaldun kazi ya kuandika kwa hati nzuri maneno ya kumhimidi Mwenyezi Mungu juu ya barua za serikali. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini haikuwa na uamuzi ndani yake. Kijana aliona kwamba dola hiyo haina nguvu. Ilipotokea vita ya kwanza aliponyoka, akaelekea magharibi.

Huko Fez alikuwapo Abu Inan, mwana wa Abul Hassan yule yule, aliyekuwa amemnyang'anya baba yake ufalme. Abu Inan alipenda wanazuoni, na mwaka 1355 Ibn Khaldun akawa mmoja wa makatibu wake. Ndipo aliposikia habari za Ibn Battuta, aliyekuwa amerudi kutoka safari zake akisimulia mambo ya Bara Hindi hata watu wa kasri wakawa wananong'ona kuwa mzee anatia chumvi. Ibn Khaldun naye alishuku. Akamwendea waziri Faris bin Wadrar, naye akampa mfano wa mtoto aliyelelewa gerezani na baba yake mfungwa, akawa hajui mnyama ila panya. Kila alipoambiwa habari za kondoo, alidhani kondoo ni panya wa namna nyingine. Mafunzo hayo Ibn Khaldun hakuyasahau, akayatia kitabuni: mtu asikatae jambo kwa sababu tu hajapata kuliona, bali alipime kwa akili.

Lakini kijana mwenyewe alikuwa na haraka ya kupanda. Palikuwa Fez na mwanamfalme aliyezuiliwa, Abu Abdallah, aliyekuwa amepoteza mji wake wa Bijaya. Ibn Khaldun akafanya naye urafiki wa siri, na habari zikamfikia Abu Inan kwamba wawili hao wanapanga kutoroka. Mwaka 1357 akatiwa gerezani, akakaa huko miezi 21. Aliandika shairi refu la kuomba radhi. Mfalme alikuwa karibu kumwachilia, lakini maradhi yakamshika, na mwisho wa mwaka 1358 waziri wake mwenyewe akamnyonga. Waziri huyo ndiye aliyemfungulia Ibn Khaldun mlango wa gereza na kumrudishia kazi yake.

Je, alimshukuru mfunguaji huyo? Hakumshukuru kwa muda mrefu. Mwaka 1359 alitokea ndugu wa Abu Inan, aitwaye Abu Salim, akitokea Andalus kudai kiti. Ibn Khaldun akiwa ndani ya serikali ya waziri alifanya kazi kwa siri kuwavuta wakubwa upande wa mgeni. Abu Salim alipoingia Fez, Ibn Khaldun aliingia pamoja naye, akawa katibu wake wa siri, na baadaye akapewa kuhukumu mashtaka ya watu waliodhulumiwa na serikali. Ilipita kama miaka miwili tu, Abu Salim naye akapinduliwa na kuuawa.

SEVILLE, MJI WA MABABU

Alipoona Fez hapakaliki, aliomba ruhusa kuondoka, na mwishoni mwa 1362 akavuka bahari kwenda Granada. Huko alipokewa kama ndugu, na kwa haki. Sultani Muhammad wa Tano wa Granada alipong'olewa kitini miaka michache nyuma, alikimbilia Fez pamoja na waziri wake Ibn al-Khatib, tabibu na mshairi mashuhuri. Katika siku zile za dhiki Ibn Khaldun aliwafaa. Sasa walikuwa wamerudi madarakani, nao wakamlipa wema.

Mwaka 1364 Sultani alimchagua kuwa balozi wake kwa Pedro, mfalme wa Castile, ambaye historia imempa jina la Mkatili. Kazi ilikuwa kukamilisha mapatano ya amani baina ya wafalme hao wawili. Na kasri la Pedro lilikuwa wapi? Lilikuwa Seville, mji ule ule walioukimbia mababu zake zaidi ya miaka mia moja nyuma.

Ibn Khaldun aliziona kwa macho yake athari za ukoo wake katika mji huo. Tabibu wa Kiyahudi wa mfalme, Ibrahim bin Zarzar, aliyekuwa amepata kumjua huko Fez, alimsifu mbele ya Pedro. Mfalme akapendezwa naye, akamtaka abaki, akiahidi kumrudishia mali ya mababu zake iliyokuwa mikononi mwa wakubwa wa dola yake.

Hapa ndipo bendera ilipokataa upepo. Mtu aliyekwisha kubadili mabwana mara nne alikataa, kwa adabu na kwa lugha laini, kumtumikia Pedro. Amani ilipatikana, naye akarudi Granada juu ya nyumbu wa kifalme mwenye hatamu na vikuku vya dhahabu, zawadi ya Pedro. Alipofika alimpa Sultani wake nyumbu huyo, na Sultani akamzawadia kijiji chenye mashamba ya kumwagiliwa maji. Balozi anayejua kazi yake hapandi hadharani zawadi ya mfalme wa kigeni.

Pamoja na hayo, Granada nayo haikudumu. Ukaribu wake na Sultani ulimchoma moyo Ibn al-Khatib. Wakubwa wawili hawakai zulia moja. Ibn Khaldun hakungoja ugomvi, akaaga kwa wema na kuondoka mwaka 1365.

KATIKATI YA MAKABILA

Rafiki yake wa zamani wa njama, Abu Abdallah, alikuwa amekwisha kuurudia ufalme wake wa Bijaya, mji wa bandari katika Algeria ya leo. Alimwita Ibn Khaldun, akamfanya hajib, cheo kilichokuwa sawa na waziri mkuu. Ibn Khaldun alikuwa akiendesha mambo ya dola, na akiisha hukaa msikitini kufundisha. Alipanda mwenyewe milimani kwa makabila ya Waberberi kutoza kodi ambayo hapana aliyethubutu kwenda kuitoza.

Mwaka mmoja tu ukapita. Mwaka 1366 binamu wa mfalme huyo, Abul Abbas wa Constantine, alimshambulia na kumuua. Watu wa mji walimtaka Ibn Khaldun amtawaze mtoto mmoja wa marehemu na kuendelea kupigana. Alikataa. Alitoka nje akamkabidhi mshindi mji bila kumwagika damu zaidi, akakubali kumtumikia. Lakini mara aliona macho ya bwana mpya yanabadilika, akaomba ruhusa akajitenga kwa makabila ya Waarabu. Ndugu yake Yahya akakamatwa, na nyumba zao zikapekuliwa.

Miaka iliyofuata ndiyo ya kizungumkuti kuliko yote. Akikaa Biskra, ukingoni mwa jangwa, alikuwa mtu pekee ambaye masheikh wa makabila ya Dawawida walimsikiliza. Sultani Abu Hammu wa Tlemcen alimpa cheo cha hajib. Yeye akampeleka ndugu yake Yahya badala yake, lakini akakubali kumkusanyia Abu Hammu wapiganaji wa makabila. Mwaka 1370 Abdulaziz wa Fez akaiteka Tlemcen, na askari wake wakamkamata Ibn Khaldun pwani akitafuta chombo cha kumvusha Andalus. Aliulizwa kwa nini aliiacha Fez, akajieleza, akaachiliwa siku ya pili. Haukupita muda mrefu, akatumwa kwa makabila yale yale aliyoyaita kumsaidia Abu Hammu, safari hii ayageuze yapigane na Abu Hammu. Naye akayageuza.

Mwaka 1372 Abdulaziz akafa. Ibn Khaldun akarudi Fez, akiporwa njiani jangwani, akakuta mji umegawanyika. Alipokimbilia Granada mara ya pili, hakupokewa tena kama ndugu. Ibn al-Khatib alikuwa amekosana na Sultani wake, akakimbilia Fez, na huko akatiwa gerezani kwa kushitakiwa uzushi katika dini. Ibn Khaldun alijaribu kumwombea kwa wakubwa. Haikufaa kitu, yule tabibu na mshairi akanyongwa gerezani. Na kwa sababu ya kumwombea rafiki aliyeanguka, Ibn Khaldun naye alitakiwa aondoke Granada.

Alikokwenda hapangedhaniwa: alirudi kwa Abu Hammu, mtu aliyemgeuzia makabila. Na Abu Hammu alimsamehe, kwa kuwa alimhitaji. Alimwambia aende tena kwa Dawawida.

NGOMENI

Hapa Ibn Khaldun alichoka. Alikubali safari hiyo mdomoni tu. Alipotoka mjini aligeuza njia, akaenda kwa kabila la Awlad Arif, nao wakampa makazi yeye na watu wa nyumbani kwake katika ngome ya Ibn Salama, karibu na mji wa Frenda wa leo huko Algeria. Alikaa humo kama miaka minne tangu 1375, hana mfalme wala cheo.

Huko ndiko alikoiandika Mukadima. Muswada wa kwanza aliumaliza kwa miezi mitano, mwaka 1377, akiwa na miaka 45. Ni utangulizi wa tarehe yake kubwa iitwayo Kitab al-Ibar, lakini utangulizi huo ukawa mashuhuri kuliko kitabu chenyewe.

Asomaye Mukadima akijua maisha ya mwandishi huona kwamba kila mlango umelipiwa. Anapoeleza asabia, yaani ule mshikamano wa watu wa ukoo na kabila unaowapa nguvu ya kushika nchi, anaeleza aliyoyaona kwa Dawawida. Anaposema kwamba dola mwanzoni hutoza kodi ndogo ikapata mali nyingi, na mwishoni hutoza kodi kubwa ikapata kidogo, ni mtu aliyepanda milima ya Bijaya kudai kodi. Anapofundisha kwamba ukoo wa kifalme huchakaa baada ya vizazi vitatu au vinne, kwa kuwa wajukuu hurithi raha bila ya kurithi taabu, alikuwa amewatumikia wajukuu hao. Anapoonya kwamba dhuluma huangamiza nchi, alikuwa amekalia kiti cha kuwasikiliza waliodhulumiwa.

Umo pia mlango usemao kwamba katika watu wote, wanazuoni ndio walio mbali zaidi na siasa. Wamezoea kuyapima mambo vichwani na kulinganisha hili na lile, na siasa haikubali kipimo hicho. Aliandika maneno hayo akiwa mwanachuoni aliyekaa katika siasa miaka 20 na zaidi.

MISRI NA MSIBA WA BAHARINI

Vitabu vilihitajika ili kazi ikamilike, naye akarudi Tunis, alikozaliwa, mwaka 1378. Mtawala wa Tunis sasa alikuwa nani? Alikuwa Abul Abbas yule yule wa Constantine, aliyemkimbia miaka 12 nyuma. Alimsamehe. Lakini mufti mkuu wa mji, Ibn Arafa, hakumpenda, na Sultani naye alitaka kumchukua kila vitani. Mwaka 1382 Ibn Khaldun akaomba ruhusa ya kwenda kuhiji, akapanda merikebu ya Iskandaria. Hakurudi Magharibi tena maishani.

Cairo ilimpokea kwa heshima. Alifundisha Al-Azhar, na Sultani Barquq wa Wamamluki akampa madrasa ya kusomesha, na mwaka 1384 akamfanya kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki. Hapo aliwashangaza watu. Yule mjumbe mlaini wa ulimi aligeuka kadhi mgumu. Aliwaadhibu mashahidi wa uongo, akawazuia mamufti wasio na elimu, akakataa maombezi ya wakubwa. Kila aliyeguswa akawa adui.

Katika mwaka huo huo ulimfika msiba mkubwa kuliko yote. Sultani wa Tunis alikuwa amewazuia watu wa nyumbani kwake, ili yeye arudi. Barquq aliandika barua kuwaombea, wakaruhusiwa. Merikebu iliyowachukua ilizama karibu na Iskandaria. Mkewe na watoto wakafa maji, na mali na vitabu vikapotea. Mwaka uliofuata akaondolewa ukadhi, na 1387 akaenda kuhiji, ile hija aliyoombea ruhusa miaka mitano nyuma.

Siasa ikamfuata Misri pia. Mwaka 1389 maamiri walimpindua Barquq. Fatwa ya kumhukumu iliandikwa, na makadhi na wanazuoni wakatakiwa kutia sahihi. Ibn Khaldun akatia. Mwaka 1390 Barquq akarudi kitini. Ibn Khaldun alimwomba radhi kwa shairi akisema alilazimishwa. Hakuuawa wala kufungwa, ila cheo alichokuwa nacho katika zawia ya Baibars kilimtoka, na ukadhi hakurudishiwa mpaka 1399, muda mfupi kabla ya Barquq kufariki.

MBELE YA TIMUR

Mwishoni mwa 1400, Timur, yule mshindi kiwete kutoka Samarkand aliyevunja miji ya Uajemi na Bara Hindi, alishuka Sham. Sultani kijana Faraj, mwana wa Barquq, alitoka Cairo na jeshi kwenda kuiokoa Damascus, akamchukua Ibn Khaldun, ingawa wakati huo hakuwa kadhi. Mara zikaja habari kwamba maamiri wanapanga kumpindua Faraj huko Cairo, naye akakimbia kurudi, akiwaacha watu wa Damascus na wanazuoni ndani ya kuta.

Mzee wa karibu miaka 70 alijua kwamba akibaki, wakubwa wa mji waliogawanyika wangeweza kumuua kabla hata ya adui. Alfajiri ya mwezi Januari 1401 aliteremshwa kwa kamba kutoka ukutani, akapelekwa kwenye hema la Timur.

Mkutano huo ni wa ajabu katika tarehe. Alikuwapo mtu aliyesoma kuinuka na kuanguka kwa dola, na mbele yake amelala kwenye mto mtu aliyeziangusha. Ibn Khaldun alimwambia kwamba amekuwa akitamani kumwona kwa miaka mingi, akamweleza kwamba ufalme hauwi ila kwa asabia, na kwamba Waturuki na Waarabu ndio walioipata kuliko wengine. Timur alimdadisi juu ya nchi za Magharibi, mji mmoja mmoja. Kisha akataka aandikiwe yote, mbali na karibu, milima na mito, kana kwamba anaiona nchi kwa macho.

Ibn Khaldun aliandika. Wako wanaomlaumu kwa hilo hadi leo: vipi mtu ampe mvunja miji habari za nchi alikozaliwa? Lakini yapo ya kutajwa upande wa pili. Aliporudi Misri alimwandikia mtawala wa Magharibi habari za Timur na nguvu za watu wake, ili naye awe macho. Na kabla ya kuondoka alimwomba Timur amani kwa makatibu, makadhi na watumishi wa Misri walioachwa nyuma, akaipata.

Alimpelekea pia zawadi: msahafu, zulia la kuswalia, nakala ya Burda, na makasha manne ya halua ya Misri. Timur aliinuka akauweka msahafu kichwani kwa heshima, na halua akawagawia waliokaa naye. Kisha Timur akamtaka amuuzie nyumbu wake. Ibn Khaldun akampa bure. Baadaye mjumbe alipoleta Cairo bei ya nyumbu huyo, Ibn Khaldun hakuipokea mpaka Sultani Faraj alipojua na kuruhusu. Miaka 37 baada ya nyumbu wa Pedro, kanuni yake ilikuwa ile ile.

Lakini ulimi wa mjumbe una mpaka. Damascus haikuokoka. Mji ulitekwa nyara, ukatiwa moto, na moto ukafika Msikiti mkuu wa Bani Umayya. Ibn Khaldun aliondoka na roho za wachache. Njiani wanyang'anyi wakamvua hata nguo.

HUKUMU

Cairo ilimrudishia ukadhi, ikamwondoa, ikamrudishia tena. Kwa jumla alikuwa kadhi mkuu mara sita. Alifariki katika mwezi wa Ramadhani 808, Machi 1406, akiwa kazini, akazikwa katika makaburi ya masufi nje ya Bab al-Nasr.

Waliomjua hawakukubaliana juu yake. Al-Maqrizi, mwanafunzi wake, alimsifu mno. Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye vitabu vyake vya hadithi vinasomwa hapa pwani, naye alipata kusoma kwake, lakini aliyaandika mema yake na lawama zake pamoja.

Na sisi tumhukumu vipi? Kwanza tukumbuke kwamba katika zama zake mtu hakuitumikia nchi, alimtumikia mtawala. Bijaya, Constantine na Tlemcen zilinyang'anywa na mabinamu wa ukoo mmoja au jirani zao, wote Waislamu, wote wakidai haki. Aliyemtumikia mmoja mpaka kufa alikufa kwa ajili ya mtu, si kwa ajili ya raia. Ibn Khaldun alipoukabidhi mji wa Bijaya alimvunjia marehemu uaminifu, lakini watu wa Bijaya walilala usiku ule bila vita.

Pili, haikuwa kila mlango aliingia. Kwa Pedro alikataa. Kwa Ibn al-Khatib aliyeanguka, ambaye hapo zamani alimwonea wivu, alisimama kumwombea palipokuwa hapana faida yoyote.

Lakini hatuwezi kumsafisha mno. Aliyemfungulia gereza alimgeuka. Abu Hammu alimgeuka, kisha akamdanganya. Fatwa ya Barquq aliitia sahihi kwa hofu. Na gharama ya kuishi hivyo hakuilipa peke yake: ndugu yake Yahya, aliyempeleka Tlemcen badala yake, aliuawa katika mji huo, na mkewe na watoto walikufa katika safari iliyotokana na wafalme wawili kumgombania.

Mukadima ilitafsiriwa kwa Kituruki katika karne ya 18, ikapigwa chapa Bulaq mwaka 1857 na Paris mwaka 1858, na tangu hapo imeenea ulimwenguni. Kaburi lake halijulikani lilipo. Wafalme kumi aliowatumikia, wengi wetu hatuwajui ila kwa kuwa yeye aliwapitia.